Kubadilisha redio ya kiwandani kwenye pikapu ya zamani: nilivyofanya

Kinachoua redio ya kisasa kwenye pikapu ya zamani, mara nyingi kuliko kingine chochote, ni waya wa spika uliogusa bodi, yaani chuma cha gari. Redio nyingi za kiwandani za miaka ya 1970 na 1980 zilipeleka waya mmoja tu wenye sauti kwa kila spika. Upande wa pili wa spika ulifungwa kwenye chuma cha gari, au spika zote ziligawana waya mmoja wa hasi. Redio ya sasa haiko hivyo. Nyaya zote mbili za kila spika zinaendeshwa na amplifaya (kikuza sauti) iliyo ndani ya redio, na redio ikiwa inawaka kila waya una kama volti 6 au 7 ukiupima dhidi ya bodi. Mmojawapo ukigusa chuma, umeshapiga shoti saketi ya sauti. Redio yenye kinga itajizima na kuonyesha ujumbe wa hitilafu. Isiyo na kinga itatoa harufu.

Ndiyo maana nilipotaka kuitoa redio ya kaseti kwenye pikapu yangu, ya Kijapani, kabini moja, injini ya dizeli, nilianza na multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, na katoni ya redio mpya nikaiacha imefungwa. Gari la umri huo limeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Kuna aliyefunga alamu, kuna aliyeongeza taa za ukungu, na kuna aliyekata plagi ya kiwandani akasokota nyaya na kuzizungushia tepu. Rangi za nyaya haziaminiki tena mpaka zipimwe.

Umeme wa gari kwanza

Pima betri injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo, upime tena: inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikivuka 15, regyuleta ya altaneta ina tatizo, na hilo ni la kurekebisha kabla ya kugusa redio. Ikibaki chini ya 13, angalia mkanda, altaneta na vichwa vya betri.

Ukisoma 24 na ushee, simama hapo hapo. Malori, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli, hutumia volti 24. Gari la namna hiyo linahitaji kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 chenye uwezo wa angalau ampea 10. Ile njia ya mkato ya kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili huziharibu zote: moja inanyonywa kila siku, nyenzake inachajiwa kupita kiasi.

Kuchagua redio

Uso wa redio ya DIN moja (DIN ni kipimo sanifu cha redio za magari) ni milimita 180 kwa 50, na wa DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la upana wa 200, kwa hiyo redio ya kawaida huacha pengo la milimita 10 kila upande, na kuna vipande vya plastiki vya kuliziba. Watu hupima uso wakasahau kina. Redio yenye kicheza diski huingia ndani kama milimita 160, na hapo hujahesabu plagi na fungu la nyaya nyuma yake. Kwenye pikapu, nyuma ya redio mara nyingi unapita mfereji wa hewa au kipande cha chuma kinachobeba dashibodi. Ingiza rula kwenye tundu kabla ya kununua. Mimi nilichukua ya DIN moja isiyo na diski kwa sababu hiyo tu: ni fupi, na nafasi inayobaki ndiyo inayolaza nyaya.

Kuhusu skrini kubwa, nina mashaka nazo kwenye gari la kazi. Dashibodi ya pikapu ya zamani imesimama wima na jua linaipiga moja kwa moja, na kubonyeza kioo wakati gari linaruka kwenye mashimo ni kazi. Vitufe na kinobu cha kuzungusha vinapatikana kwa kupapasa.

Kwenye karatasi ya vipimo soma nguvu iliyoandikwa RMS, yaani ile inayotoka mfululizo. Ile “50W x 4” ya kwenye katoni ni ya kilele. Ukipiga hesabu, volti 14.4 kwenye spika ya ohm 4 haiwezi kutoa zaidi ya kama wati 26 safi, na ukiondoa kinachopotea ndani ya saketi unabaki na 15 hadi 22. Hakuna redio inayofungwa kwa waya wake wa kawaida inayokwepa hesabu hiyo, bila kujali jina lake. Angalia pia kama nyuma kuna matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya ya nje, angalau jozi mbili, ili siku ukitaka amplifaya usianze upya.

Halafu masafa. Gari la zamani lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lina redio inayopokea FM kutoka 76 hadi 90 MHz, ilhali sehemu kubwa ya dunia inarusha 87.5 hadi 108. Redio iliyopangwa kwa Marekani nayo ina kero yake: inaruka kwa hatua za 0.2 MHz, yaani 98.1, 98.3, 98.5, kwa hiyo kituo cha 98.4 hakishikiki sawasawa, na kwenye AM inaruka kwa kHz 10 pale unapohitaji 9. Redio nyingi mpya zina sehemu ya kuchagua eneo kwenye menyu. Hakikisha ipo.

Kutoa redio ya zamani

Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, kwa spana ya 10 kwenye magari mengi ya Kijapani. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche usizozitaka. Kama gari lina mifuko ya hewa, plagi na nyaya zenye ganda la njano hazikuhusu. Usizichomoe wala kuzipima kwa multimeta.

Plastiki ya dashibodi yenye umri wa miaka 30 haipindi, inavunjika. Acha gari juani nusu saa kabla ya kuanza, plastiki ilainike, na utumie kipande bapa cha plastiki cha kubandulia badala ya bisibisi bapa. Kila fremu inayokataa kutoka ina skrubu iliyojificha: chini ya kibweta cha majivu, nyuma ya vinobu vya hita, au juu ya nafasi ya spidometa. Kuvuta kwa nguvu ndiko kunakoacha nyufa. Redio yenyewe hushikwa na skrubu nne za fremu ya chuma pembeni, na nyingine ina boliti ya nyuma inayoibeba isining'inie. Fremu hiyo usiitupe. Kwenye Toyota na Nissan nyingi redio mpya hufungwa kwa fremu ileile, kwa skrubu za milimita 5 zisizozidi urefu wa 8. Skrubu ndefu hupenya hadi kwenye bodi ya saketi.

Piga picha plagi zikiwa bado zimechomekwa.

Kutambua kila waya

Plagi ya kiwandani usiikate. Nunua kiunganishi cha gari lako, kipande chenye plagi inayoingia kwenye ile ya kiwandani na nyaya wazi upande wa pili, halafu uunganishe nyaya za redio mpya kwenye hicho kipande mezani, kwa utulivu, mbali na gari. Kama mwingine alishaikata, basi unabaki kupima waya kwa waya.

Upande wa redio mpya rangi karibu zote zinafanana: njano ni moto wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni moto wa swichi, nyeusi ni ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), bluu ni ya antena, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, na ya chungwa ni ya kufifisha mwanga taa zikiwashwa. Spika ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia; yenye mstari mweusi ndiyo hasi.

Upande wa gari, Toyota nyingi za miaka hiyo zina bluu yenye mstari wa njano kwa moto wa kudumu, kijivu kwa moto wa swichi, kahawia kwa ethi na kijani kwa taa. Spika za mbele ni pinki na zambarau kushoto, kijani hafifu na bluu kulia. Zingatia kwamba zambarau ya gari ni hasi ya mbele kushoto, ilhali zambarau ya redio mpya ni chanya ya nyuma kulia. Anayeunganisha rangi kwa rangi anaangukia hapo.

Rudisha betri, weka multimeta kwenye volti, waya mweusi wa multimeta kwenye chuma kitupu. Waya unaosoma 12 funguo ikiwa mfukoni ndio wa kudumu. Unaosoma 12 funguo ikizungushwa tu, ndio wa swichi. Ukizigeuza hizi mbili, redio itasahau vituo na saa kila unapozima gari, na hiyo ni dalili rahisi kuitambua. Kuzifunga zote mbili kwenye moto wa kudumu ni kubaya zaidi, maana redio haizimiki na betri inakwisha.

Ethi ndiyo yenye mtego. Waya unaosoma karibu ohm 0 dhidi ya bodi si lazima uwe ethi. Kwenye magari mengi ya Kijapani kinobu cha kufifisha taa za dashibodi kiko upande wa hasi, na waya wake unapita kwenye plagi ya redio. Kinobu kikiwa kimefunguliwa mwisho, waya huo unasoma karibu sifuri, unaonekana ni ethi safi. Ukiutumia, redio itafanya kazi vizuri mchana, halafu usiku mtu akizungusha kinobu inaanza kuzimika na kuwaka. Pima huku unazungusha kinobu: namba ikipanda, huo siyo. Mimi sikutegemea ethi ya plagi hata kidogo. Nilivuta waya wa milimita mraba 2.5 hadi kwenye boliti ya chuma nyuma ya dashibodi, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kwa kishikio cha duara, halafu nikapaka grisi kuzuia kutu.

Sasa zile nyaya za spika. Ondoa betri tena, redio ya zamani ikiwa imechomolewa, weka multimeta kwenye ohm. Gusa kila waya wa spika na bodi: isisome chochote. Ukipata 0 au 4, spika hiyo imefungwa kwenye chuma. Gusa hasi ya kushoto na hasi ya kulia: nazo zisisome chochote. Zikisoma 0, zimeunganishwa mahali fulani, na haijalishi wapi, huwezi kuzitumia. Kisha pima kati ya nyaya mbili za spika moja. Spika ya ohm 4 nzima husoma 3.2 hadi 3.8. Ikisoma nusu yake, kuna spika mbili zimefungwa pamoja kwenye njia moja, mzigo ambao redio nyingi hazikubali. Namba ikirukaruka unapofungua na kufunga mlango, waya umekatika ndani ya ule mpira kati ya mlango na nguzo. Ni mahali pa kwanza pa kutazama kwenye gari lolote la zamani, kwa sababu nyaya zinapinda hapo kila mlango unapofunguliwa.

Kwenye pikapu yangu nyaya za milangoni zilikuwa zimekakamaa, na ganda lake lilipasuka zikipindwa. Nilivuta mpya za milimita mraba 1.5 kutoka kwenye redio hadi kila spika. Kwa kabini moja ni mita tatu au nne kila upande, kazi ndogo sana ukilinganisha na kutafuta shoti baadaye.

Kuunganisha

Nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu huachia, kwa sababu tepu hupoteza gundi kwenye joto la dashibodi. Lehemu ya risasi ni nzuri kwa umeme, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama sindano, na kwenye gari linalotikisika waya hukatika pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo napendelea kubana kwa viunganishi vya kubana na plaizi yake maalumu, kisha mpira unaonywea kwa joto juu yake. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Kikitoka mkononi, barabarani kingetoka pia. Fungu lote lizungushiwe tepu ya kitambaa, ile inayotumika viwandani, ili lisigongegonge.

Nyaya za spika zisizotumika zifunike kila mmoja peke yake. Watu huzikusanya nne pamoja na kuzifunga kwa tepu moja, wakarudi kwenye shoti ileile niliyoitaja mwanzo.

Plagi ya antena ina aina zake. Kwenye magari mengi huingia moja kwa moja. Nissan nyingi na baadhi ya mengine huhitaji kigeuzi kidogo. Pima antena nayo: pini ya katikati hadi ncha ya mlingoti isome karibu 0, pini ya katikati hadi ganda isisome chochote. Maji yakiingia kwenye kitako cha mlingoti, kutu huziunganisha hizo mbili, AM inakufa kwanza na FM inashika vituo vya karibu tu. Antena yenye kikuza mawimbi lazima ipewe umeme kutoka waya wa bluu, la sivyo redio mpya itaonekana mbovu kuliko ya zamani.

Usirudishe fremu ya dashibodi mpaka umejaribu kila spika peke yake kwa kutumia mizani ya kushoto na kulia.

Milango ndiyo inayotoa sauti

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ningeambiwa nichague kati ya redio nzuri na milango iliyoandaliwa, ningechukua milango. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja, na mawimbi ya nyuma yakizunguka hadi mbele kupitia matundu ya mlango, besi hufutana. Mlango wa pikapu ni bati jembamba lenye matundu makubwa upande wa ndani, umefunikwa na karatasi ya nailoni iliyochanika. Ukiweka spika nzuri hapo, utasikia bati linavyotetemeka kuliko muziki.

Kishikio cha kuzungushia kioo kinashikwa na klipu ndogo ya chuma nyuma yake. Pitisha kitambaa kati ya kishikio na ubao wa mlango, vuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, klipu itaruka. Weka mkono mwingine uidake. Pini za plastiki za ubao huvunjika, kwa hiyo kuwa na kumi au zaidi za akiba.

Teremsha kioo mpaka chini kabisa, halafu pima kutoka uso wa bati hadi kioo. Hicho ndicho kina ulichonacho, toa milimita 5 za usalama. Kwenye milango mingi ya zamani ni 45 hadi 60, ilhali spika za inchi 6.5 huhitaji kiasi hichohicho au zaidi. Pete ya kunyanyulia spika ya milimita 12 hadi 18 inasaidia, ilimradi ubao wa mlango bado unafunga. Usitumie pete ya mbao za kubandikwa. Maji ya mvua hupita ndani ya mlango kila siku, na mbao hizo huvimba na kubomoka. Plastiki nzito ni bora. Kwa sababu hiyohiyo chagua spika yenye koni ya plastiki, si ya karatasi, na mzingo wa mpira.

Uwezo wa spika kusikika kwa nguvu ndogo una uzito kuliko wati zilizoandikwa nyuma yake. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 inalia sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 60, maana kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu. Kwa anayetumia redio peke yake bila amplifaya, hiyo ndiyo namba ya kutafuta.

Safisha bati la nje upande wa ndani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kisha bandika mkeka wa butili (mpira mzito unaonata) wenye unene wa milimita 2 na uusugue kwa rola hadi alama zake zilale. Si lazima ufunike lote. Robo hadi theluthi ya eneo, katikati ya sehemu pana zinazolia ukizigonga kwa kidole, inatosha. Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani, kwa mkeka wenyewe au kwa kipande cha plastiki ngumu kilichobandikwa, ukiacha njia ya fito za kitasa. Matundu madogo chini kabisa ya mlango ni ya kutolea maji. Ukiyaziba mlango utaoza. Nailoni mpya irudishwe mahali pake, ukingo wake wa chini uingie ndani ya mlango ili maji yadondokee huko na yasije miguuni.

Chanya na hasi za spika zijaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5: ukigusisha chanya kwa chanya, koni itoke nje. Spika moja ikigeuzwa, kila kitu kitalia, ila besi itakuwa imeyeyuka na sauti ya mwimbaji haitakuwa na mahali.

Pikapu nyingine zina spika za inchi 4 juu ya dashibodi na hazina tundu milangoni. Unaweza kuziacha kama za sauti za juu tu kwa kuweka kapasita isiyo na upande wa chanya wala hasi, ya maikrofaradi 270, kwenye waya wa chanya. Kwa spika ya ohm 4 itakata kuanzia kama 150 Hz kushuka, na spika itaacha kukwaruza.

Amplifaya, kwa kifupi

Niliongeza ndogo ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, chaneli nne za wati 50, nyuma ya kiti. Jumla ya wati 200 kwa ufanisi wa asilimia 80 ni kama ampea 18 ikipigwa mpaka mwisho, na muziki wa kawaida hula sehemu ndogo ya hiyo. Altaneta nyingi za pikapu za zamani ni za ampea 40 hadi 60, na taa kubwa peke yake huchukua karibu 10, kwa hiyo amplifaya ya wati 1000 kwenye gari hilo ni ndoto. Waya wa milimita mraba 10 unatosha, na fyuzi ya ampea 30 iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inalinda waya usiwake moto, ndiyo maana lazima iwe karibu na betri na si karibu na amplifaya. Pale waya unapopita kwenye ukuta wa injini, lazima kuwe na mpira. Ukingo wa bati ukila ganda la waya kabla ya fyuzi, gari linaungua.

Waya wa umeme upite upande mmoja wa kabini, wa RCA upande wa pili.

Kwa kuweka kiwango cha amplifaya: chomoa spika, cheza mlio wa majaribio wa 1 kHz, sauti ya redio kwenye robo tatu, na upime volti AC kwenye matokeo. Wati 50 kwenye ohm 4 ni volti 14.1. Fungua kinobu mpaka hapo, usizidishe. Spika nyingi huungua kwa mawimbi yaliyokatwa vichwa, yaani amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, si kwa nguvu safi.

Mvumo

Mluzi unaopanda na mizunguko ya injini unatoka kwenye altaneta na unaingia kupitia ethi. Punguza sauti mpaka mwisho: ukiendelea kusikika vilevile, unaingia baada ya redio, yaani kwenye RCA au amplifaya. Ukipungua na sauti, umeingia kabla, mara nyingi kutoka kwenye simu inayochajiwa huku imeunganishwa kwa waya. Pima volti kati ya waya mweusi wa redio na hasi ya betri huku muziki ukilia kwa nguvu. Ikizidi 0.1 au 0.2, ethi ni dhaifu, na vichujio vya kununua havitakusaidia. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo mno ndani, kati ya ganda la RCA na ethi, inayoungua mtu akichomoa RCA wakati umeme upo. Jaribu kuunganisha ganda la RCA na bodi ya redio kwa kipande cha waya. Mluzi ukikatika, umempata mchawi. Injini ya petroli ina mlio wake tofauti, wa tiktik, unaotoka kwenye plagi za injini, zile za cheche, na nyaya zake. Nyaya zenye ukinzani huumaliza.

Mipangilio

Weka kichujio cha besi kwa spika za milango kwenye 80 au 100 Hz, kwa zile za inchi 4 kwenye 150. Kwenye ikwalaiza, punguza kinachokera badala ya kuongeza kinachokosekana. Kuongeza besi kwa desibeli 6 kunadai nguvu mara nne, ambayo redio haina. Kama redio ina ucheleweshaji wa sauti, pima kwa futikamba umbali kutoka sikio lako hadi kila spika: tofauti ya sentimita 50 ni milisekunde 1.5, na unaichelewesha ile ya karibu. Kwenye kabini moja, ambako dereva ameikaribia mno spika ya upande wake, badiliko hili linasikika kuliko spika yenyewe.

Kabla ya kufunga kila kitu, pima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Weka multimeta ya ampea kati ya hasi ya betri na waya wake, milango imefungwa, subiri dakika 15. Pikapu isiyo na kompyuta nyingi isizidi kama miliampea 30, na redio hapo ni chache tu. Ukikuta nusu ampea, angalia waya wa bluu na nyeupe: amplifaya inayoamshwa na moto wa kudumu hukesha macho, na betri ya ampea-saa 60 haitamaliza siku tano. Baada ya kilomita mia kadhaa za barabara mbaya, rudia kukaza boliti ya ethi na skrubu za fremu.